Kombe Mwembamba na Mayai ya Maji ya Chai

Nina miaka thelathini na tatu na nimestaafu. Msicheke, ninyi mliomaliza chuo juzi na bado mnapiga pasi shati la usaili. Niliagwa rasmi kwenye banda la kupakilia magunia pale Elerai, Arusha, kwa keki, soda na saa ya ukutani, baada ya kiwanda chetu kidogo cha chakula cha kuku kuacha kununua makombe ya baharini na kuanza kutumia chokaa ya mawe inayokuja imeshasagwa. Cheo changu kilikuwa Msimamizi wa Makombe. Makombe yalipokwisha, msimamizi naye akawa amekwisha. Katika hotuba ya kuniaga, bosi wangu, Mama Temu, alisema nimelitumikia taifa. Sikumuuliza ni taifa gani linalotaga mayai, ingawa nilitamani.

Nawaandikia kwa sababu mmeanza kuniuliza, hasa wale wa mtaani kwetu Themi, kama kusoma kuna faida. Mimi nimezoea kuuliza maswali, kuyajibu ni kazi ya wengine. Ninachoweza ni kuwasimulia juu ya wiki moja ambayo mzee wa watu alikaribia kupoteza kazi kwa sababu ya elimu yangu, kisha mtajumlisha wenyewe.

Kwanza mfahamuni mhusika mkuu. Kuna kombe mdogo anayeishi baharini kwenye maji ya kina kifupi, katikati ya majani, na upana wake ni kama kifuniko cha chupa ya maji. Ana magamba mawili yenye mifereji kama upepeo uliokunjuliwa. Pembezoni mwa nyama yake kuna safu ya macho, madogo kama vichwa vya pini, mengi kuliko utakavyoweza kuyahesabu kabla hajakukimbia. Ndiyo, hukimbia. Hupigapiga magamba yake kama mtu anayepiga makofi, maji yakafyatuka huku na yeye akarukia kule. Nilikaa miezi mitatu maji yakinifika magotini, nikimhesabu kwa ajili ya tasnifu yangu. Yeye alikuwa na macho chungu nzima ya kunitazama na mimi nilikuwa na mawili, tena yenye miwani. Matokeo ya utafiti yalikuwa kama mnavyotarajia.

Nikapata digrii, nikarudi nyumbani, mahali ambapo bahari iko mbali kuliko subira ya mwajiri yeyote. Niliandika barua kila mahali. Hoteli za watalii hazikujibu. Mwisho nikagundua kwamba sehemu pekee ya Arusha iliyokuwa ikipokea ndugu wa kombe wangu kwa wingi ni kiwanda cha Mama Temu, ambako waliletwa kwenye magunia, wakiwa wamekufa zamani, ili wasagwe na kuchanganywa na pumba, mashudu, dagaa na mahindi, kuku wa mayai wapate kitu cha kutengenezea ganda. Nilimfahamu kombe akiwa hai kwa miezi mitatu, na akiwa maiti kwa miaka tisa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Akyoo, fundi mashine na mpima mchanganyiko, Mmeru wa mlimani, mtu wa suti moja na kofia mbili. Alikuwa na Mama Temu tangu kiwanda kikiwa mashine moja chini ya bati. Bahari hakuwahi kuiona na hakuona sababu ya kuiona. Siku ya kwanza nilimsalimia shikamoo, akaitika marahaba, halafu akaniuliza nimesomea nini. Nikamwambia.

"Kwa hiyo hawa wewe unawajua?" akauliza, ameshika kombe jembamba alilolitoa kwenye gunia la mazito.

"Nawajua, mzee. Huyu akiwa hai ana macho mengi sana. Wengine hufikisha mia."

Akaligeuza lile kombe akitafuta. "Macho mia. Ya kuangalia nini?"

"Maadui. Nyota wa bahari, samaki."

"Mimi nina mawili na maadui wangu wote nawaona," akasema. "Karibu kazini, Profesa."

Jina hilo likanishika kwa miaka tisa. Hata madereva wa maroli waliniita Profesa, tena kwa sauti ile ile wanayomwitia mtu "bosi" wanapotaka asogee.

Sasa niwape ufundi kidogo, maana hakuna kitakachowasaidia na ni vizuri mkijue mapema. Makombe yakifika, yana chumvi. Unayaosha mara mbili, unayatandaza kwenye turubai, na kabla ya kuyapitisha unachukua moja katikati ya rundo na kulilamba. Ulimi ukisikia chumvi, unaosha tena, vinginevyo kuku watakunywa maji mpaka banda liwe tope. Nililamba makombe kwa miaka tisa na hakuna aliyeniambia kama hilo linaingia kwenye wasifu wa kazi. Kipimo cha pili ni cha sakafu. Unaliangusha kombe kwenye saruji kutoka urefu wa kiuno. Zito hulia *ko*, na hilo linafaa. Jembamba hulia *ti*, na hilo Mzee Akyoo alilirudishia gari lililolileta.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Linasema *ti*."

"Nimesikia, mzee. Kwa nini *ti* ni mbaya?"

"Mama Temu alinikuta nalikataa, naye hakuuliza."

Jibu la namna hiyo, kwa mtu wa aina yangu, ni sawa na kumwonyesha mbuzi bustani. Nikaanza kuchunguza kanuni zake zote. Ilikuwepo ya kutopiga mluzi karibu na mashine, nikapiga, mashine ikaendelea. Ilikuwepo ya kuanika makombe wiki mbili kamili. Nikaweka turubai mbili, nikapima, nikaonyesha kwamba wakati wa jua siku nne zinatosha. Mama Temu alifurahi sana. Mzee Akyoo alitazama vipimo vyangu, akalamba kombe, akalivunja kwa meno, akasema, "Limekauka." Tangu siku hiyo tukawa tunaanika siku nne, na mimi nikawa mtu hatari, maana nilikuwa nimepatia mara moja.

Ndipo likaja lile roli. Mletaji wetu wa kutoka pwani alikosa makombe mazito ya siku zote, akaleta magunia na magunia ya kombe wa aina nyingine. Nilifungua gunia la kwanza nikakuta ni yule yule wangu wa tasnifu. Mifereji yake, masikio yake mawili madogo pale magamba yanapoungana, rangi zake za waridi na kahawia. Nilishangilia kama niliyekutana na mtu wa kwetu ugenini. Mzee Akyoo akachukua moja, akaliangusha. *Ti.*

"Rudisha," akamwambia dereva.

"Usirudishe," nikasema mimi.

Mama Temu akatoka ofisini. Ni Mchaga wa Rombo, mfanyabiashara anayeamua haraka na kujutia polepole. Nikamwomba dakika tano. Nikaleta siki kutoka jikoni na vikombe viwili. Kimoja nikatia unga wa kombe zito la zamani, kingine unga wa kombe jembamba. Vyote viwili vikatoa povu.

"Mnaona? Ni kitu kile kile, Mama. Kalsiamu ni kalsiamu. Kuku hajui unene, tumbo lake linajua kemia. Tena tukibadilisha chekeche tuweke la matundu madogo, usagaji uwe laini kabisa, mwili utafyonza haraka zaidi."

"Mzee Akyoo, unasemaje?" akauliza Mama Temu.

"Hawa hawafai."

"Kwa sababu gani?"

Mzee akaokota lile kombe, akaliangusha tena. *Ti.* Akamtazama Mama Temu kama mtu aliyemaliza hotuba.

Mama Temu akatazama povu, akatazama sakafu. "Shusha," akamwambia dereva. "Na chekeche libadilishwe."

Libarikiwe povu. Nimeona watu wakichaguliwa kuongoza kwa hoja ndogo kuliko ile.

Mzee alibadilisha chekeche. Tukasaga. Ulitoka unga mweupe, laini kama wa sembe. Niliupiga picha nikawatumia wenzangu wa chuo, kwa maneno ya kujisifu ambayo nimeshayafuta.

Wiki chache baadaye, Jumatatu, akaja mteja wetu wa miaka mingi, Mama Nnko wa kijiji cha Maji ya Chai, amebeba trei mikononi kama anayebeba mgonjwa. Aliiweka mezani kwa Mama Temu akafunua kanga. Ndani yalikuwemo mayai, kama ni halali kuyaita hivyo. Mengine yalikuwa na ganda jembamba la kuonea haya. Mengine hayakuwa na ganda kabisa, yalikuwa vifuko vya ngozi laini vinavyotikisika.

"Gusa, Mama Temu," akasema. "Gusa. Hili ni yai au ni puto?"

"Yesu na Maria."

"Na Jumapili kuna kipaimara. Nimeahidi mayai ya keki kwa usharika mzima. Nitawapelekea haya wakapige danadana?"

Mama Temu alinigeukia. "Profesa, mayai yanakosaje ganda?"

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kwa sababu nilijibu kwa mantiki safi kabisa. Nilisema ganda ni kalsiamu. Kalsiamu inatoka kwenye makombe. Makombe ya kutosha yakiwemo kwenye chakula, ganda litakuwepo. Ganda halipo, kwa hiyo makombe hayamo. Hakuna mwalimu ambaye angenikosesha.

Mama Temu alifikisha hoja kule ambako mimi sikuwa nimekusudia, au niseme sikuwa nimejiruhusu kukusudia. Anayepima makombe na kuyatia kwenye mchanganyiko ni Mzee Akyoo. Mzee Akyoo aliyakataa makombe haya mbele ya watu akashindwa. Akamwita.

"Mzee, umesusa?"

"Nimesusa nini?"

"Makombe mapya hukuyataka. Kwa hiyo huyaweki, ili nionekane nilikosea. Wateja wangu ndio unaowakomoa?"

"Naweka kipimo kile kile, Mama Temu."

"Basi mayai haya yanaongopa?"

Mzee akalibonyeza yai moja kwa kidole, taratibu.

"Mpaka Jumamosi," akasema Mama Temu. "Ukishindwa kunieleza mpaka Jumamosi, Mzee Akyoo, utanisamehe, tutaachana."

Mzee alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Kahawa yake kule mlimani ilikuwa imezeeka kuliko yeye, na mjukuu wake wa kidato cha tatu alikuwa akila, kuvaa na kusoma kwa mashine ile. Nilijua yote haya. Nilijua pia kwamba nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akipima makombe kila asubuhi, kipimo kimejaa. Nilijiambia labda mchana anapunguza. Mtu anayehoji kila kitu hakosi swali la kumlinda.

Jumatano mchana Mzee alikuja kwenye turubai langu. "Profesa, chukua sweta. Twende Maji ya Chai."

"Kufanya nini, mzee?"

"Kuna kitu huwa huulizi."

"Mimi? Kitu gani?"

"Twende."

Mama Nnko alitupokea kwa chai kabla ya lawama, kama ilivyo desturi, kisha akatupeleka bandani. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mzee akaniambia nichuchumae mbele ya chombo cha kulia na nitazame kuku.

"Nitazame nini?"

"Wanavyokula."

Nikatazama. Mimi, binti wa Kimeru, niliyekua na kuku mpaka chini ya kitanda cha bibi, sikuwa nimewahi kutazama kuku anavyokula. Kuku halambi, hudonoa. Anachagua punje ya mahindi, anachagua kipande cha dagaa, anachagua chochote chenye umbo la kushikika. Wale kuku walidonoa, wakadonoa, na chini ya chombo kikabaki kitu cheupe. Wakazidi kukiparua kwa midomo wakitafuta cha kushika, wakakiacha.

"Mama Nnko," nikasema, "hiki cheupe kinachobaki huwa mnakifanyaje?"

"Vumbi hilo? Namwaga kila asubuhi kabla sijaweka chakula kipya. Mnatutilia vumbi jingi siku hizi, mwanangu."

Nikachovya kidole nikaweka ulimini. Nililijua vizuri lile kombe. Ni mimi niliyeliosha.

"Kuku ana mdomo," akasema Mzee Akyoo, "au ana ulimi wa ng'ombe?"

Mama Nnko alicheka mpaka akashika mlango wa banda. Kisha Mzee akatoa mfukoni kifuko cha makombe mazito ya zamani, yaliyovunjwa vipande vya ukubwa wa punje ya mchele. Akamwaga kiganja kimoja. Wale kuku waliyavamia kama wanaogombea siti. Akanieleza, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, sentensi zaidi ya tatu mfululizo: kwamba kuku wa mayai jioni hutafuta chembe ngumu kwa sababu ganda la kesho linatengenezwa usiku, kwamba chembe hukaa kwenye firigisi ikisagika kidogo kidogo, kwamba kombe zito mashine hulivunja likawa chembe, na jembamba hulipiga likawa moshi. *Ti* ilikuwa ina maana hiyo yote.

"Kwa nini hukusema siku ile?"

"Ulikuwa na povu," akasema.

Msidhani nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Temu. Nilikuwa msomi, kwa hiyo niliandika ripoti. Kurasa tatu. Ijumaa nikampelekea Mzee aisikilize kwanza, nikiamini atanishukuru. Nikamsomea: "Imebainika kwamba kulijitokeza changamoto katika hatua ya usagaji, ambapo ukubwa wa chembe haukuzingatiwa ipasavyo..."

"Ngoja," akasema. Alikuwa akitia mashine grisi. "Nani hakuzingatia?"

"Inaonyesha tu kwamba haikuzingatiwa."

"Nasikiliza nipate mtu humo. Sijamwona. Changamoto ilijitokeza yenyewe, ikatembea, ikaja ikabadilisha chekeche?"

"Ni lugha ya ripoti, mzee."

"Haya. Endelea na lugha. Mimi kesho ni Jumamosi."

Akarudi kwenye grisi yake. Nilisimama pale na kurasa zangu tatu na sikupata swali la kumuuliza. Hata moja. Nikazikunja nikaenda ofisini.

Mama Temu alikuwa akizungumza kwenye simu. Nilisubiri mpaka akamaliza, nikasema kabla hajaniuliza: "Mama, ni mimi. Mzee Akyoo aliweka makombe, kipimo chote. Mimi ndiye niliyesema yasagwe laini, na kuku hawawezi kuokota unga. Wanauacha, Mama Nnko anaumwaga. Jumatatu nilipokwambia makombe hayamo, nilikuwa nimemwona akiyaweka."

Sikuongeza "samahani kwa usumbufu uliojitokeza", ingawa ilikuja mpaka ulimini.

Mama Temu akapaza sauti kumwita Mzee, aliyeingia akijifuta mikono kwa gunia.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu roli."

"Na ukaniacha nikufukuze! Kwa nini hukuniambia ni huyu?"

"Ningekwambia, Mama Temu, ungemwamini nani? Yeye ana cheti, mimi nina sakafu."

Mama Temu aliinuka, akazunguka meza, akamshika Mzee mikono yote miwili yenye grisi, na hakuifuta yake alipoiachia. Hakusema amemsamehe wala hakuomba asamehewe. Aliuliza tu, "Mama Nnko anahitaji mayai Jumapili. Tunafanyaje?"

"Jumapili hii hatuwahi," akasema Mzee. "Akope kwa jirani yake, nitakwenda naye mimi mwenyewe kuomba. Chembe tumpelekee kesho, wiki ijayo ganda litarudi. Na hawa wembamba waliobaki wasiingie kwenye mashine. Watwangwe kwenye kinu, polepole, wavunjike kwa mifereji yao, halafu wachekechwe kwa chekeche la mchanga."

"Magunia yote yale? Kwa kinu? Atatwanga nani?"

Hakuna aliyenitazama. Haikuwa lazima.

"Nitafika saa moja asubuhi," nikasema.

"Saa kumi na mbili," akasema Mzee Akyoo. "Mchi ni mzito."

Nilifika saa kumi na mbili kasoro, ili angalau niwe wa kwanza kwa jambo moja. Nilimkuta amevua koti la ile suti yake, gunia la kwanza limeshaoshwa, na kando ya kinu kulikuwa na michi miwili.